Binti wa Bisimwa Mwenye Ndevu

Watu wa avenyu yetu husema maman Adélaïde ana mdomo mkali. Uongo mtupu! Miaka kumi na tisa nimekaa na mashine yangu ya kushonea kwenye baraza yake, na nakuambia, huyu mama alinyamaza kuliko watu wote wa Kadutu. Alinyamaza mpaka ile siku ya Mungu, Jumapili, baada ya misa ya pili, na siku hiyo hata mimi Charlène, nisiyejua kuona haya, niliona haya kwa ajili yetu sote. Bado nina hasira. Nitasimulia na hasira yangu hivyo hivyo, kwa sababu nikingoja ipoe nitaanza kusema uongo wa heshima.

Maman Adélaïde ana miaka sitini na nane. Anauza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, tangu mume wake alipokufa akamwacha na watoto wanne, wa mwisho akiwa bado mgongoni. Kila asubuhi anashuka ziwani na beseni tupu, anapanda na beseni limejaa, na mlima wetu hauna huruma na magoti ya mtu. Kwa sambaza hizo wote wanne walimaliza shule. Mmoja ni muuguzi. Mwingine yuko Kamituga kwenye dhahabu, na hupiga simu siku akikumbuka kwamba ana mama. Waliobaki wameolewa. Nyumba anayoishi ni ya marehemu baba yake, muzee Mathias, fundi wa kujenga. Yeye ndiye alimtunza muzee mpaka akamfunga macho. Nyuma ya nyumba kuna chumba kimoja cha mbao, na hicho chumba ndicho kilileta maneno.

Ndani ya chumba hicho alikuwa anakaa Rosette na wasichana wake wawili. Rosette ni Murundi. Alikimbia kwao zamani za fujo za 2015, akavuka na kupokelewa Sange pamoja na wakimbizi wenzake, akakaa uwandani miaka mingi kabla ya kupanda mpaka Bukavu. Hapa mjini alikuwa ameshafukuzwa kwenye avenyu tatu. Siku alipobisha kwa maman Adélaïde, mimi nilikuwepo, sindano mdomoni. Nilifikiri mama atamuuliza karatasi, kabila, mume yuko wapi. Alimuuliza neno moja tu:

"Unapikaka na kuni ao na makala?"

"Makala, maman," akajibu, yaani makaa.

"Basi ingia. Moshi ya kuni njo inaniuwaka macho."

Ikaisha hivyo. Rosette akawa anakaanga mikate asubuhi na kuiuza kwenye kona, na msinidanganye, avenyu yote iliila ile mikate. Waliokuja kupiga kelele baadaye waliila. Shefu aliila. Mimi niliila mbili kila siku, tatu siku ya mvua. Lakini Rosette alipokuwa anasema na watoto wake, alisema Kirundi, tena kwa sauti ya chini, na siku hizi masikio ya mji wetu yamekuwa makali. Mtu akisikia neno la upande ule, hatafuti kujua ni lugha gani wala mwenye kuisema alikimbia nini. Anasema tu "unawasikia?" na kumgusa mwenzake na kiwiko. Na mimi, kwa kuwa nimeahidi kutosema uongo wa heshima, mimi pia niliwahi kumwambia mteja wangu, nikimpima kiuno: "Kwani hawa hawawezi kusema Kiswahili kama watu?" Nilisema. Mdomo huu huu.

Sasa sikia. Ikatoka sauti kwamba wageni wote waandikwe. Nani aliitoa? Hakuna karatasi tuliyoona, hakuna muhuri, ilianzia avenyu ya chini ikapanda kwetu na vumbi. Shefu wetu wa avenyu, papa Donatien, akaipokea kama Injili. Donatien ni mdogo wake maman Adélaïde, tumbo moja, baba mmoja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa amestaafu, na mtu akistaafu na bado ana bic mbili mfukoni mwa shati, atatafuta tu cha kuandika. Akatengeneza fishi zake mwenyewe, karatasi za kujaza, kwa rula. Jina, jina la baba, mahali pa kutoka. Chini kabisa akaandika: mwenyeji anayemsimamia. Asiye na mwenyeji wa kumsimamia, ahame katika wiki moja.

Siku ya tatu akaja kwenye baraza. Dada yake alikuwa anachambua sambaza kwenye ungo. Mimi nilikuwa napiga pindo la kikwembe, kitenge cha mteja, na niliacha mashine isimame ili nisikie vizuri, siwezi kuficha.

"Yaya, ule mukuyakuya wako, mwisho wake ni siku ya Mungu," akasema. Yaya ni dada mkubwa; mukuyakuya, ndivyo tunavyomwita mtu aliyekuja tu, asiye na mizizi. Ni neno baya. Linasemwa na watu wazuri kila siku.

"Atoke aende wapi?"

"Kwabo."

"Kwabo ni wapi, Donatien?"

"Yaya, usinitafutie maneno. Miye sichukie bageni. Lakini bageni ba zamani na ba leo habafanane. Angalia papa. Alishukaka apa kutoka kijiji ya Miti, akatumika, akaoa, akakala na bantu. Alisemaka luga ya bantu, alikulaka chakula ya bantu. Aliingia! Aba ba leo banakuya na inchi yao yote mu kichwa, banaifungua apa kwetu kama balizi ya nguo."

Maman Adélaïde hakuinua macho. Alitoa kijiwe kati ya sambaza, akakitupa. Donatien akaenda zake na bic zake.

Alipopotea kwenye kona, mama akaniuliza: "Charlène, mutu akikuapisha, kisha akufe, ile kiapo inakufa naye?"

"Uliza padiri, maman."

"Padiri ataniambia niombe. Nimeshaomba."

Ndipo akanieleza, mikono yake haijatoka kwenye ungo. Muzee Mathias hakuwa mtu wa Miti. Alikuwa Murundi. Jina lake la kwao lilikuwa Bigirimana. Alivuka mto Ruzizi kwa miguu mwaka 1952, kijana wa miaka ishirini, kwa sababu alisikia kule Miti wazungu wanatafuta mikono ya kubandua maganda ya miti ya kinini. Aliishi Kongo miaka hamsini na minne, na muda wote huo aliogopa. Adélaïde alipofika miaka kumi na miwili, yeye mtoto wa kwanza, muzee alimwita chumbani akamwapisha juu ya rozari: usimwambie mtu, hata wadogo zako. "Mubebe jina, muniachie miye woga," ndivyo alivyomwambia. Donatien alikuwa na miaka miwili. Alikua akiamini kila alichoambiwa, na mimi simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa mengine.

"Miaka yote ile," mama akasema, "akitaka kusali, alikuwa anafunga kwanza dirisha. Alikuwa anasali *Dawe wa twese*, Baba Yetu ya kwabo, pole pole, mudomo mu mikono. Papa alikufa ni miaka kumi na munane sasa. Na mwezi Rosette alifika, siku moja magaribi, nikasikia batoto bake nyuma ya ukuta: *Dawe wa twese*. Charlène, nilikala chini pale pale. Nikasema, papa amerudi, na ile mara dirisha iko wazi."

Nikapiga pindo lote upande usiofaa na ikabidi nilifumue.

Kwa hiyo mnaelewa alichokuwa nacho mikononi huyu mama. Akinyamaza, Rosette na watoto wanarudi barabarani mara ya nne. Akisema, amevunja kiapo cha marehemu, amemvua nguo mdogo wake mbele ya watu, na yeye mwenyewe, mzaliwa wa hapa, mama wa sambaza anayejulikana mpaka Nguba, anageuka mukuyakuya akiwa na miaka sitini na nane. Nilimwambia: maman, nyamaza, mtafutie Rosette chumba Bagira. Ndiyo, nilimwambia hivyo! Akanitazama kama mtu anayeangalia samaki aliyelala.

Siku ya Mungu ikafika. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa papa Ezéchiel, mwenye duka la sabuni na mafuta. Viti vya plastiki viliisha, wengine wakasimama kando ya ukuta na nguo zao za misa. Tulikuwa kama arobaini. Rosette aliwekwa mbele, kwenye benchi ndogo ya watoto, peke yake. Wasichana wake walibaki nyumbani. Nani aliamua kumweka mtu mzima kwenye benchi ya watoto? Hakuna. Hivyo ndivyo mambo mabaya yanavyofanyika kwetu, hakuna anayeyaamua.

Donatien akasimama. Ni msemaji, nampa haki yake. Akasema mji umejaa, na hapo hakukosea. Mji umejaa kweli. Nyumba zinaporomoka na mlima kila msimu wa mvua, maji ya bomba ni ya kupigania, mtu akilala anasikia jirani anavyokoroma. Sibishi. Lakini kutoka hapo akaruka moja kwa moja mpaka kwa Rosette, kana kwamba ni yeye aliyeiita mvua. Akasema wageni wa zamani walikuwa wageni kweli: walifika wameinamisha kichwa, wakajifunza, wakawa sisi. Wa leo wanataka nafasi yetu bila kuwa sisi. Watu wakaitika. "Iko kweli!" "Njo vile!" Papa Ezéchiel akapiga makofi.

Nami nikaangalia wale waliokuwa wanaitika. Wee! Yule wa kwanza, babu yake aliletwa kutoka Maniema na Wabelgiji kupasua mawe. Yule wa pili ni Murega, mama yake alifika kutoka Shabunda na kuku mmoja, kwa vita ile ya kwanza. Papa Ezéchiel mwenyewe alizaliwa Sange. Wazazi wangu ni Bashi wa Walungu, walishuka mjini na godoro moja. Bukavu hii, ukiwatoa waliokuja, utabaki na ziwa na korongo wake. Wazee wetu wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tukala mikate ya mgeni, tukapona, kisha tukamwekea benchi.

"Tutamupima," akasema Donatien. "Miezi munane iko kwetu. Rosette, simama. Salimia bantu na Mashi, luga ya apa."

Rosette akasimama. Alikuwa amevaa kikwembe nilichomshonea mimi. Akajaribu: "A... asinge." Akalisema kwa mapindo ya Kirundi, na kijana mmoja pale ukutani akamwigiza, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza pale kulikuwa ni kucheka kwa ndani.

"Na 'asante' unasema namna gani?"

Rosette akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yamejaa, lakini hayakumwagika.

"Munaona?" Donatien akatugeukia. "Papa yetu angeulizwa ile..."

"Acha papa!"

Maman Adélaïde alikuwa ameshasimama. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kitambaa, na ndani ya kitambaa buku, kile kitabu kidogo cha kitambulisho cha wakati wa Wabelgiji. Akapita kati ya viti, akampa mdogo wake.

"Ulikuwa mwalimu. Soma jina ya papa yako."

"Yaya, tuko mu mukutano."

"Soma!"

Donatien akavaa miwani. "Bisimwa Mathias," akasema.

"Nilisema usome. Sikukuambia ukumbuke."

Akainamia ile karatasi tena. Nikaona shingo yake inabadilika rangi. "Mathias... M'Bisimwa," akasoma, na sauti ikafifia mwishoni.

Mwanamke mmoja akacheka, kisha wawili, kisha uwanja mzima. Kwa wasiojua: kwetu Bashi hiyo M' ni ya wanawake. M'Bisimwa maana yake ni binti wa Bisimwa. Mwanamume haitwi hivyo hata akilewa kasiksi siku tatu. Kumbe muzee Mathias, na ndevu zake zote, aliandikwa binti.

"Endelea," dada yake akasema. "Alizaliwa wapi?"

Donatien alisoma kimya. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

"Na sauti, Donatien."

"Urundi."

Kicheko kikakatika. Adélaïde akasimama pale mbele, mkono umeshika kiti cha mtu, akasema yote kwa ufupi: jina la Bigirimana, Ruzizi, kinini, kiapo. "Papa hakuingia," akasema. "Papa alijificha. Miaka hamsini na mine munasema muangalie vile aliingia, na yeye alikuwa anafunga dirisha ili asali. Njo hiyo munataka Rosette afanye? Basi museme. Museme tu: tunapenda mugeni mwenye kufunga dirisha."

Kisha papa Ezéchiel, yule mwenye uwanja, akajikuna kidevu na kusema: "Kumbe shefu yetu naye ni mukuyakuya." Mtu nyuma akaongeza: "Basi batoke bote!" Na sauti haikuwa ya utani. Nikaona uso wa maman Adélaïde. Alikuwa amejua itafika hapo, lakini kujua na kusikia ni mambo mawili. Donatien alikuwa bado ameshika buku kwa mikono miwili, na nakuambia ukweli, wakati ule hata yeye nilimhurumia.

Ndipo kiti kikalia. Maman Agnès alikuwa anasimama, na maman Agnès akisimama ni kazi, kwa sababu ana miaka sabini na sita na uzito wake. Ni Mushi wa Miti, wa ukoo na ukoo, hakuna wa kumpima. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Nani anasema batoke?" akauliza. "Nimuone."

Hakuna aliyeonekana.

"Munaniita maman Agnès. Jina yangu yote munaijua? Miye ni Agnès M'Bisimwa. Bisimwa ni papa yangu miye. Kwa hiyo ule muzee wa kwenye buku alikuwa dada yangu." Watu wakaanza kucheka tena, wasiojua kama wanaruhusiwa. "Mucheke! Siye tulichekaka mbele yenu. Kule kwenye kinini, karani alikuwa anaandika batumishi. Mathias alikuwa mu mustari, mbele yake banamuke tupu: M'Mushagalusa, M'Cibalonza, M'Bisimwa, ule wa mwisho ni dada yangu mukubwa. Akafikiri ni vile bantu ba apa banaitwaka bote. Zamu yake ikafika, akaogopa kusema jina ya kwabo, akasema ile alisikia ya mwisho. Karani naye hakuwa wa kwetu, akaandika. Magaribi muji muzima ulishajua. Papa yangu akaenda kumutafuta. Akamuambia: kama uko binti yangu, ng'ombe za mahari yako ziko wapi? Mathias akaanza kulia. Papa akaona mambo gani haya, akamuleta nyumbani, akamupa bugali, kisha akamupa na fasi ya kujenga."

"Mulijua?" Donatien akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa shule. "Mulijua ni Murundi?"

"Hata mbwa za Miti zilijua! Nani hakujua? Hakusema Mashi siku hata moja. Alijua neno moja, *koko*, asante. Kwenye ndoa, koko. Kwenye kilio, koko. Siku mama yangu alikufa, alifika mbele ya maiti, akanishika mukono, akaniambia: koko. Asante, mama yako amekufa! Nilimukumbatia. Ningefanya nini? Alikuwa amebeba kuni za kilio kutoka pori mpaka kwetu ku mugongo."

Maman Adélaïde alikuwa amekaa chini. Aliweka mkono kinywani. "Maman Agnès," akasema, "mulijua, na hamukumuambia asiogope?"

Hapo maman Agnès akashusha sauti. Mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia ameishusha. "Tulifikiri ni heshima," akasema. "Yeye anaficha, siye tunajifanya hatuone. Tulimukosea. Lakini usiseme aliingia, Donatien. Hakuingia. Tulimuingiza. Zamani bageni habakuwa bazuri kuliko aba. Siye njo tulikuwa bazuri kuliko nyinyi." Akageukia meza ya Donatien. "Leta ile fishi. Pale ya mwenye kumusimamia, andika Agnès M'Bisimwa. Kuna mutu ana maneno?"

Papa Ezéchiel akaangalia viatu vyake. Yule wa nyuma aliyesema batoke bote hatujamjua mpaka leo. Na mimi nikasimama, nimechelewa, lakini nikasimama, nikasema jina langu pia liandikwe. Maman Agnès akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Siku ya kufunga mudomo haukuufunga, sasa unaufungua," akasema. Sijui alijua nini kuhusu yale niliyomwambia mteja wangu. Nilistahili.

Donatien akavuta fishi. Akatoa bic, ikagoma, akatoa ya pili. Aliandika kwanza jina la maman Agnès kule chini, kisha akapanda juu.

"Jina yako yote," akamwambia Rosette bila kumtazama.

Rosette alikuwa amesimama muda wote huo. Alikuwa amesikia kila neno. Na nini alichosikia, huyu mwanamke aliyefukuzwa mara tatu? Akafuta uso na ncha ya kikwembe, akajaribu kutabasamu.

"Nabintu," akasema. "Rosette Nabintu."

Jina la Bashi! La wasichana wa kwetu. Nani alimfundisha? Labda alilisikia bombani, labda kwenye baraza yangu. Na watu wengine walianza kutikisa vichwa kwa furaha, walipendezwa, waliona mgeni ameanza kuingia. Mungu wangu, kichwa cha mtu ni kigumu!

Maman Adélaïde aliruka kwenye kiti. Sijawahi kumsikia akipiga kelele namna ile, wala kwenye kilio cha mume wake.

"Hapana! Hapana, hapana! Usifanye vile! Papa yangu alifanya vile akiwa na miaka makumi mbili, na hakutoka ndani mpaka tukamuzika. Hata ku musalaba wake tuliandika bongo, jina ya uongo. Sema jina papa yako alikupa!"

Rosette akarudi nyuma hatua moja. Akatazama watu arobaini, na mimi nilifikiri atakimbia. Maman Agnès akamshika kiwiko. Hakumvuta, alimshika tu.

"Ntakarutimana," Rosette akasema, kwa sauti ile ya chini, ya nyuma ya ukuta.

"Namna gani?" Donatien akauliza.

"Ntakarutimana."

Aliandika herufi tatu, mkono ukasimama. Akafuta jasho. Miaka thelathini alifundisha watoto kuandika, na sasa alikuwa hajui kinachofuata. "Ni murefu," akasema. "Tuandike Rosette tu, itatosha."

Dada yake akaja akasimama nyuma ya kiti chake, akaweka kidole juu ya karatasi, pale wino ulipoishia.

"Andika yote," akasema. "Ya papa hatukuandika."